Kabla hujazima taa hotelini: namna ya kujua kama usiku ukiharibika kuna mtu wa kukusaidia

Niliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Saa tisa kasoro usiku, hoteli moja pale Morogoro (jina naliacha), mimi niko ghorofa ya pili, umeme umekatika na jenereta inanguruma chini. Nikavaa suruali nikafungua mlango, nakuta korido imeshaanza kuwa na moshi, sio mwingi ila ule wa kuwasha macho. Nikakimbilia ngazi za nyuma, zile zenye kibao cha kijani cha mtu anakimbia, nikashuka mpaka chini kabisa alafu nikakutana na mlango wa chuma una kufuli. Kufuli lenyewe lile la mkono mzima. Nyuma yangu wameshafika wageni watatu walionifuata wakiamini najua ninakoenda, mmoja kabeba mtoto. Ikabidi tupande tena, tupite kwenye moshi uleule, tutokee mapokezi, na pale dada wa mapokezi anapiga simu ya bosi haipatikani, anapiga tena haipatikani, ukimuuliza funguo za mlango wa nyuma anasema anazo mlinzi, na mlinzi yuko ng'ambo ya barabara anakunywa kahawa na madereva wa malori.

Bahati ilikuwa yetu, yaliungua magodoro mawili ya stoo na nyaya za jenereta basi, moto ukazimwa kwa mchanga wa mafundi uliokuwa uani. Kulipokucha kila mgeni anamshushia lawama yule dada. Mimi nilishindwa, maana kabla sijaanza hii kazi ya kuzunguka mikoani kuuza dawa za mifugo nilikaa mapokezi shifti ya usiku miaka minne, hoteli moja Mwanza, na pale kwetu pia mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli na funguo alikuwa nazo mlinzi. Miaka minne yote na sikuwahi hata siku moja kujiuliza itakuwaje.

Kwahiyo ninachoandika hapa ni vitu ambavyo mimi mwenyewe nafanya sasa hivi kila nikilala nje ya nyumbani, iwe hoteli ya nyota au gesti ya elfu ishirini na tano. Na jambo kubwa ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba hoteli ya mchana na hoteli ya usiku ni hoteli mbili tofauti. Mchana kuna meneja, kuna wahudumu, kuna hausikipa, kuna fundi anapitapita, wote wanakuita bosi na kukubebea begi. Kuanzia saa sita usiku hoteli nyingi za kwetu zinabaki na watu wawili, wa mapokezi na mlinzi, na mara nyingi mmoja kati yao amelala. Ukarimu wa mchana haukwambii chochote kuhusu hao wawili.

Hatua ya kwanza: piga simu usiku kabla hujalipia

Usibuku kwa kuangalia picha za kitanda chenye maua ya waridi na taulo limekunjwa bata. Kama unaenda kukaa zaidi ya usiku mmoja, au unaenda na familia, piga namba ya hoteli saa tano au saa sita usiku, uliza swali lolote la kawaida, mfano mna maegesho ya gari? Unachotafuta sio jibu, unatafuta kama kuna mtu anapokea. Simu ya mapokezi isiyopokelewa saa sita usiku ndio hiyohiyo utakayoipiga wewe ukiwa chumbani kifua kinabana.

Alafu maoni ya wageni kwenye mtandao, usisome yale ya nyota tano, hayo mengine yameandikwa na mashemeji wa mwenye hoteli. Soma ya nyota moja na mbili, na hata hapo achana na anayelalamika kwamba chapati zilikuwa baridi. Tafuta anayesema alipata tatizo, alafu angalia uongozi ulijibuje. Ukiona jibu ni lilelile la kunakili kwa kila mtu, "asante kwa maoni yako tunayafanyia kazi", miaka mitatu mfululizo, basi hakuna kilichofanyiwa kazi.

Hatua ya pili: chumba gani

Mimi naomba ghorofa ya kwanza au ya pili. Chini kabisa dirisha liko usawa wa mwizi, na juu sana ngazi za zimamoto zinaweza zisikufikie, achilia mbali kwamba miji mingi yetu hilo gari lenyewe la ngazi ndefu huwezi kulihesabia. Sitaki chumba kilicho juu ya jiko wala kinachopakana na jenereta, sio kwasababu ya kelele tu, moshi wa jenereta una ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, carbon monoxide, inaingia dirishani wewe umelala na hauamki. Ukiamka na kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na uliyelala naye anajisikia hivohivo, usiseme ni malaria, tokeni nje kwanza kwenye hewa.

Na wale wa Arusha, Njombe, Makete huko kwenye baridi: jiko la mkaa usiingize chumbani hata kama mhudumu mwenyewe ndio kakuletea kwa roho safi. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamekutwa wamekufa na jiko liko katikati ya chumba.

Hatua ya tatu: dakika tano za mwanzo

Umeshapewa funguo, begi limefika, usikae kitandani. Fanya haya kwanza, na ukionekana mshamba poa tu.

Toka kwenye korido uhesabu milango kutoka chumba chako mpaka ngazi za dharura, ukiwa unagusa ukuta. Mimi huwa nahesabu kwa sauti ndogo, nne kulia alafu kona. Sababu ni kwamba kwenye moshi hauoni, taa zinazimika, kile kibao cha kijani unaweza kukipita, lakini mkono unaweza kuhesabu milango gizani.

Ukifika kwenye ngazi, shuka. Yani shuka kweli mpaka chini, uusukume ule mlango wa mwisho. Hapa ndipo mimi Morogoro nilipokosea, niliona kibao nikaridhika. Kama umefungwa kwa kufuli, au ngazi zimejaa makreti ya bia na viti vibovu (hiyo ndio hali ya kawaida kabisa), unarudi mapokezi ukiwa umetulia unasema dada, mlango wa nyuma umefungwa, usiku ufunguo unakaa na nani? Unauliza kistaarabu, hamgombani. Akikuonyesha ufunguo umening'inia ukutani karibu na mlango, au komeo la kufungua kwa mkono bila ufunguo, hapo lala. Akisema anao mlinzi, omba ufunguo ubaki hapo mapokezi, na kama anakataa omba chumba karibu na ngazi za mbele. Kama umetua na watoto na jibu ni "usijali bosi hapa hakuna shida", mimi naondoka. Nimeshaondoka mara mbili na mara moja hela sikurudishiwa.

Rudi chumbani uangalie dirisha. Hotelini kwetu dirisha lina nondo, na nondo zinazomzuia mwizi kuingia ndizo zinazokuzuia wewe kutoka. Zingine zina kipande kinachofunguka kama mlango, kimetiwa kakufuli, uliza kafunguo kake kako wapi. Kama ni nondo tupu zilizochomelewa basi ujue njia yako ni moja tu, ule mlango, na zile hesabu za kwenye korido sio mchezo tena.

Mtungi wa kuzimia moto: angalia uko wapi na kishale kiko kwenye kijani. Ule wa gesi ya carbon dioxide, wenye mdomo mweusi kama pembe, hauna kishale, huo unaangalia kadi ya ukaguzi tarehe ya mwisho ni lini. Nimewahi kukuta mtungi umefanywa kizuizi cha mlango wa jikoni, kadi imefutika kabisa.

Hatua ya nne: bafuni na kitandani

Shawa ya umeme, ile inayochemsha maji hapohapo kichwani. Ukifungua maji ukahisi bomba linakutekenya, usijikaze ukaoga. Huko kutekenywa ni umeme unavuja, eathi (waya wa kupeleka umeme ardhini) haipo au imekatika. Toka, zima ile swichi yake ya nje ukiwa na mikono mikavu, piga mapokezi, hama chumba. Nilipokuwa Mwanza wageni walikuwa wanakuja asubuhi wanacheka, kaka shawa yenu inapiga shoti kidogo, na sisi tunacheka nao. Na ukimkuta mwenzio kashikwa na umeme usimguse kabisa, kimbilia kuzima umeme kwenye swichi kubwa kwanza.

Kitandani upande wa mkono wako wa kulia weka simu iliyojaa chaji, viatu, funguo za chumba na kitambulisho, vyote pamoja, kila siku sehemu ileile. Funguo ni za muhimu kwasababu ukitoka ukakuta korido haipitiki itabidi urudi chumbani, na milango mingi ikijifunga ndio imejifunga. Tochi ya simu ijaribu kabla, kuna simu mpaka uingie menyu nne.

Namba za kuweka kwenye simu: Tanzania polisi 112, zimamoto 114, na 115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199. Alafu namba ya mapokezi ya simu ya mkononi, sio ile ya mezani, maana umeme ukikatika ya mezani inaweza kufa nayo. Na namba ya dereva mmoja wa teksi au bajaji anayelala maeneo hayo, hii mwombe mlinzi, walinzi wanawajua wote.

Moto ukitokea kweli

Hapa nakaa kidogo.

Watu wanaogopa miali lakini kinachoua hotelini ni moshi. Mwaka 1980 hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas iliungua, moto ulikuwa chini kwenye ukumbi wa kamari na mgahawa, watu 85 wakafa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto haukufika kabisa, moshi ndio uliwafuata kupitia ngazi na matundu ya lifti na mabomba ya hewa. Na Januari 2025 kule Kartalkaya Uturuki, hoteli ya Grand Kartal ya watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji, iliungua usiku wa manane wakafa watu 78, walionusurika wakasema hawakusikia kengele yoyote, wengine walifunga mashuka wakashukia dirishani. Hiyo ni hoteli ya ghorofa 12 ya watu wenye hela zao. Kwahiyo usilale ukisubiri kengele.

Ukisikia harufu au kelele, usifungue mlango mbio. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja, pale juu na kwenye kitasa. Ukiwa wa baridi fungua kidogo uchungulie. Njia ni safi, toka na funguo na simu, funga mlango nyuma yako (mlango uliofungwa unazuia moshi na moto muda mrefu kuliko unavyodhani, ukiuacha wazi unaulisha moto hewa), gonga milango ya jirani ukipita huku unapiga kelele MOTO, sio "jamani jamani", mtu aliyelala akisikia jamani anajua ni ugomvi wa wapenzi anageuka upande wa pili. Usiingie kwenye lifti. Kama moshi umeshuka tembea kwa magoti, hewa ya kupumua iko chini karibu na sakafu, kitambaa cha maji puani kinasaidia kidogo ila kisikupe kiburi cha kupita kwenye moshi mzito mweusi. Moshi mzito rudi chumbani.

Mlango ukiwa wa moto, au korido haipitiki, basi chumba chako ndio ngome. Loweka taulo na mashuka uzibe chini ya mlango na pembeni, zima AC na feni, jaza ndoo na beseni maji uwe unalowanisha ule mlango. Piga 114, piga mapokezi, piga na ndugu yako aliye mjini akusaidie kupiga, sema jina la hoteli, ghorofa na namba ya chumba, na uelekeze kwa alama, "karibu na stendi ya zamani nyuma ya benki", jina la mtaa wengi hawalijui. Kaa dirishani utikise shuka jeupe au tochi. Dirisha likiwa linaingiza moshi kutoka chini lifunge. Na usiruke kutoka juu wakati kuna mtu anajua upo.

Mtungi wa moto tumia kama moto ni mdogo, wa ukubwa wa pipa la takataka, na mlango wa kutokea uko mgongoni kwako. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto sio kwenye miali, bana, fagia kushoto kulia. Mtungi wa kilo sita haufiki hata nusu dakika umeisha, ukiisha na moto bado upo, kimbia. Moto wa mafuta ya kukaangia au wa umeme usimwagie maji.

Kwa wale wa Zanzibar na pwani kwenye mabanda ya makuti: hapo sahau yote ya kuziba taulo. Makuti yakishika kwenye upepo wa bahari ni dakika chache paa zima limekwenda na cheche zinarukia banda la pili. Ukiona moshi kwenye paa toka na ulichonacho mkononi, elekea upande upepo unakotoka, begi na pasipoti vinatafutika baadae.

Mtu akizidiwa

Hii ndio dharura inayotokea mara nyingi kuliko moto, na ndio wafanyakazi wanaiharibu zaidi, nami nikiwemo. Mwanza usiku mmoja baba mmoja alipiga simu akasema, "kijana wangu, kifua kinanibana na mkono wa kushoto unaniuma." Mimi nikampelekea maji ya moto yenye limao. Nikamwambia mzee ni gesi hiyo, samaki wa usiku. Mzee akaniangalia akasema kwa upole, mwanangu, nimekuomba gari, sijakuomba limao. Tukampeleka hospitali ya Bugando kwa teksi, ikawa ni moyo kweli, akapona. Ila ile sentensi yake ndio naitumia mpaka leo: usimwelezee mfanyakazi unavyojisikia ukasubiri aamue yeye, muombe kitu kimoja kinachofanyika. "Dada naomba gari sasa hivi, naenda hospitali ya mkoa." "Kaka njoo na funguo ya akiba chumba 14, mke wangu hafungui." Mfanyakazi wa usiku anaogopa vitu viwili, bosi na gharama, ukimwachia aamue atakuambia utulie kwanza. Ukimpa kazi anaifanya, na anaifanya mbio.

Miji mingi usisubiri ambulensi kama kuna gari pale uani. Gari ya mgeni mwenzio, bajaji, ya meneja, yoyote. Simu yako iwe na akiba ya hela, na kadi ya bima iwe kwenye pochi sio kwenye begi.

Vichache vya kujua wakati gari inakuja. Anayetoka jasho, anatetemeka, anaongea pumba, usikimbilie kusema amelewa, sukari ikishuka mtu anakuwa hivohivo. Tanga niliona mgeni wa makamo ameachwa kwenye kiti cha mapokezi nusu saa nzima wahudumu wanacheka, mpaka akapita hausikipa mmoja ambaye mama yake ana kisukari, akauliza huyu mmempa nini? Akafungua soda ya kawaida akamnywesha kidogokidogo, dakika kumi mzee anauliza yuko wapi na nani kamvua viatu. Soda ya kawaida yenye sukari, zile za zero hazisaidii. Na kama hawezi kumeza au hana fahamu usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, hospitali.

Uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanakokota, hiyo ni kiharusi, angalia saa ilianza lini maana daktari atakuuliza. Wa kifafa usimtie kijiko wala kumshikilia, ondoa viti, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu akitulia, ikipita dakika tano haijaacha kimbiza hospitali. Aliyekabwa na mfupa au kipande cha nyama na hawezi kukohoa wala kuongea, mpige kwa kiganja mgongoni kati ya mabega mara tano, ikigoma mkumbatie kwa nyuma ubonyeze juu ya kitovu kwa kwenda ndani na juu mara tano, rudia. Asiyepumua, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha kama sentimita tano, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mkipokezana maana inachosha balaa. Aliyetolewa kwenye bwawa la kuogelea yeye anza na pumzi mdomoni kwanza, ndio kifua.

Na kuhusu mabwawa, lile bango la "kuogelea ni kwa hatari yako mwenyewe" maana yake hakuna mtu anayeangalia. Mtoto akizama hapigi kelele, anakwenda chini kimyakimya wakati wazazi wanasubiri chips. Mzazi mmoja awe na zamu, bila simu.

Mengineyo kwa haraka

Lifti ikikwama bonyeza kengele, piga mapokezi, kaa chini. Usilazimishe milango wala usikubali kuvutwa nje ikiwa imesimama katikati ya ghorofa, ikiondoka ghafla inakukata.

Anayegonga usiku akisema ni mhudumu na hujaagiza kitu, usifungue, piga mapokezi uulize wamemtuma nani. Mhudumu mzuri hatakasirika.

Uvamizi wa silaha ni nadra lakini upo, Nairobi pale hoteli ya DusitD2 tarehe 15 Januari 2019 waliuawa watu 21, na operesheni ilichukua karibu masaa 20, huku zaidi ya 700 wakitolewa salama. Kama unaweza kutoka, toka mapema. Kama huwezi, jifungie, zima taa, simu weka kimya kabisa hata mtetemo, tuma meseji badala ya kupiga. Na wewe ndugu uliye nyumbani usimpigie mtu aliyejificha.

Baada ya yote

Kabla hujaondoka hapo andika. Kwenye simu tu, saa ngapi, chumba gani, nani alikuwa zamu, ulisema nini akajibu nini. Piga picha mlango uliofungwa, mtungi uliokwisha, shawa iliyoungua, nyuso za wafanyakazi acha. Kama kuna kuibiwa au kuumizwa nenda polisi upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao (Kenya wanaiita OB), na kama umejeruhiwa chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Usisaini karatasi yoyote ya hoteli inayosema umeridhika wakati bado unatetemeka, watakuletea hiyo pamoja na chai ya bure.

Malalamiko peleka kwa mwenye hoteli au meneja mkuu kwa maandishi, na uombe kitu kimoja cha kutengenezwa, sio hasira za kurasa tatu. Mimi niliandika hivi: "Usiku wa tarehe fulani kulikuwa na moshi, wageni wanne tulikwama kwenye mlango wa nyuma kwasababu ya kufuli. Naomba kufuli litolewe muweke komeo la ndani, na jenereta ihamishwe mbali na magodoro. Mkikaa kimya mwezi mzima bila kunijibu nitapeleka nakala ofisi ya zimamoto ya mkoa." Hao Zimamoto ndio wanaokagua majengo na kutoa cheti cha usalama wa moto, kwahiyo mwenye hoteli akiliona hilo jina anasoma mpaka mwisho. Nikaongeza mstari mmoja, kwamba dada wa mapokezi hakukimbia, alibaki pale mpaka mgeni wa mwisho alipotoka, na asikatwe mshahara kwa magodoro. Hilo usiache. Wanaotupwa kwanza baada ya tukio ni hao wa usiku, wale wale wawili.

Sikujibiwa. Miezi miwili baadae nikapita tena Morogoro nikalala palepale makusudi, na kabla sijafungua begi nikashuka ngazi za nyuma. Kufuli halipo, wameweka komeo, limefunguka kwa kidole kimoja. Jenereta iko uani chini ya kibanda cha bati. Nikarudi mapokezi nikamkuta dada yuleyule, shifti ileile, nikamuuliza na simu ya bosi siku hizi usiku inapatikana?

Akacheka. "Kaka, hiyo bado."